Foronya kutoka shati la mtumba: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mtumba ni nguo ya marehemu, utampaje mtu zawadi?" Maneno haya, anayoambiwa anayetaka kumzawadia mtu foronya ya shati la mtumba, tunayo tangu enzi mitumba ilipoitwa "kafa Ulaya". Ukweli ni kwamba nyingi zilitolewa na watu walio hai na afya zao, waliozichoka au walionenepa. Mashirika ya misaada huko Ulaya na Marekani hupokea nguo nyingi kuliko yanavyoweza kuuza. Zinazobaki hununuliwa na wafanyabiashara, zikachambuliwa na kufungwa marobota hadi masoko ya Karume, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi. Nyingine hufika na lebo ya dukani ingali inaning'inia.

"Kitambaa kilichovaliwa kimeshachoka." Hapa ndipo wengi wanapokosea. Shati la kiume halichakai lote kwa pamoja: kola, viwiko na ncha za mikono huisha mapema, ila mgongo na sehemu inayochomekwa kwenye suruali hubaki imara. Liinue kwenye mwanga. Panapoangaza kama chandarua, paache. Tena pamba iliyofuliwa mara nyingi imeshamaliza kurudi. Cha kutilia shaka ni kitambaa kipya: ukikiunganisha na cha mtumba kabla ya kukifua, kitarudi peke yake na mshono utajikunja.

"Bila fundi haitapendeza." Kwa foronya ya mto wa kochi, sikubali. Kazi ngumu, yaani vifungo na vitundu vyake, ilishafanywa kiwandani. Chukua shati kubwa, funga vifungo vyote, lilaze mezani, kata mbele na nyuma mraba wa sentimita 43 kwa mto wa 40, huku mstari wa vifungo ukipita katikati. Mkasi usiangukie kwenye kifungo. Mfuko wa kifuani uingie mzima au usiingie kabisa. Ukiufumua, chini yake rangi imekoza na alama inabaki. Mimi huuacha, watoto wafiche pipi.

Kabla ya kushona, fungua vifungo viwili vitatu vya katikati, kwa kuwa baadaye ndipo utakapopindulia foronya. Weka uso kwa uso, shona pande zote nne, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni. Ukifika penye mkanda wa vifungo, kitambaa ni kinene: acha pedali, zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, la sivyo sindano itakatika.

"Harufu ya mtumba haitoki." Kwenye pamba hutoka: loweka usiku kucha kwenye maji yenye siki kidogo, fua, anika juani. Polista ndiyo hung'ang'ania jasho. Kama hujui ni ipi, chomoa uzi mmoja uuwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, polista huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Na wale wanaodhani ni zawadi ya bure, waulize bei ya mjazo wa mto. Mara nyingi huzidi ya shati lenyewe, hasa ukilipata mchana robota likiwa limeshachaguliwa.