Kilimo endelevu si kurudi kwenye jembe la babu

Hapa Malindi, kijana akisema anataka kusomea shahada ya uzamili ya kilimo endelevu, huulizwa: "Usome chuo kikuu ili ujifunze kulima bila mbolea? Si babu yako alilima hivyo hivyo?" Dhana hiyo inawavunja moyo vijana tunaowahitaji sana.

Kilimo endelevu hakipigi marufuku mbolea ya dukani. Kinauliza shamba linahitaji nini, kiasi gani, na kama litaendelea kuzaa miaka ijayo bila kumfilisi mkulima. Majibu hutafutwa kwa kupima udongo, kwa takwimu na kwa hesabu za gharama.

Chukua kunde. Ng'oa mche unaokaribia kutoa maua, utazame mizizi: utaona vinundu vidogo. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na wekundu ndani, bakteria waliomo wanakamata naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kazi. Wazee wetu walijua kuchanganya kunde na mahindi, na walikuwa sahihi. Mwanafunzi wa uzamili anaendelea pale walipoishia: ni mbegu ipi ya kunde inayoacha naitrojeni zaidi kwenye udongo wetu wa mchanga, na mkulima apunguze mbolea kwa kiasi gani? Hilo halikisiwi. Linataka vipande vya majaribio, mizani, maabara, kisha tasnifu.

Wala si lazima uwe na shahada ya kwanza ya kilimo. Vipo vyuo vinavyopokea waliosomea biolojia, mazingira, hata uchumi.