Je, wajua kwa nini uonevu wa shuleni huuma hata baada ya miaka 40?

Jumatatu asubuhi mtoto analalamika tumbo. Jumamosi alishinda akikimbia, hana hata chembe ya ugonjwa. Jioni akirudi kutoka shule anapitiliza moja kwa moja chooni, kwa sababu choo cha shule ndiko wanaomwonea wanakomsubiri, na amejibana tangu asubuhi. Wala hadanganyi kuhusu tumbo. Mwili unaoishi kwa hofu hutoa homoni za tahadhari kama kortisoli, nazo zikizidi huvuruga tumbo, usingizi na hata umakini darasani.

Mwanasaikolojia Dan Olweus, aliyeanza kuuchunguza uonevu huko Skandinavia miaka ya 1970, aliutambua kwa mambo matatu: unakusudiwa, unarudiwa, na mwenye kuonewa amezidiwa nguvu. Kwa maoni yangu, sumu iko kwenye huko kurudiwa. Ngumi ya ugomvi wa siku moja husahaulika. Jina la kejeli la kila siku mtoto huanza kuliamini, na swali la "kwa nini wananifanyia hivi?" hugeuka polepole kuwa "mimi nina kasoro gani?" Aibu hiyo ndiyo huzaa wasiwasi na sonona, na wengine hufikia kujidhuru.

Na asiyeguswa, bali anatengwa tu? Mwaka 2003, Naomi Eisenberger na wenzake nchini Marekani walipima ubongo wa watu waliokuwa wakicheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Ghafla wakaacha kurushiwa mpira. Sehemu ya ubongo inayohusika na karaha ya maumivu ya mwili ikaamka. Na hao "wachezaji wenzao" hawakuwepo kabisa, ilikuwa programu tu! Seuze mtoto ambaye darasa zima lina kundi mtandaoni, yeye peke yake hayumo.

Nchini Uingereza, watafiti wamewafuatilia watu waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958. Ripoti ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba walioonewa mara kwa mara utotoni walikuwa katika hatari zaidi ya kupata sonona na wasiwasi walipofika miaka 45. Hatari kupanda si hukumu, lakini "ni utoto tu, yatapita" haisimami tena.

Msaada huanza kwa mtu mzima mmoja anayesikiliza bila kudakia. "Mpuuze, atachoka" humwacha mtoto peke yake. Muulize nini kilitokea, wapi, nani aliona. Andika tarehe, hifadhi ujumbe wa simu kabla haujafutwa, kisha nenda navyo kwa mwalimu wa ushauri nasaha au mkuu wa shule. Sishauri kuwaita wote wawili wapeane mikono. Huo ni usuluhishi wa walio sawa.

Akikosa usingizi, akiacha kula au kujifungia kwa wiki mbili hivi, mpeleke kwa mwanasaikolojia au kliniki ya afya ya akili. Nchi nyingi pia zina namba ya simu ya bure ya kuwasikiliza watoto. Ukihisi anawaza kufa, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, na hospitali ni siku hiyohiyo.

Hata aliyeonewa akiwa na miaka 9 anaweza kwenda kwa mshauri akiwa na 49. Washauri wamezoea kusikia majina ya utani ya shule ya msingi.