Kesi isiyotaka hukumu

Hapa Malindi si kila anayefungua kesi ya ardhi anataka kushinda. Wako wanaojua fika kwamba watashindwa. Wanachotaka ni wewe usijenge, usiuze wala usilale.

Chukua mfano wa mzee wa Muyeye anayeingia ofisini na mfuko wa nailoni. Ndani mna hati tatu za madai, zote za kiwanja kimoja. Kesi ya kwanza ilisikilizwa, jirani akashindwa. Ya pili ikaja kwa jina la mtoto wa jirani. Ya tatu imekuja na zuio la muda, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha ujenzi, na matofali ya mzee yameota majani. "Mwanangu wakili, sheria inaruhusu mtu kuandamwa hivi?"

Hairuhusu. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21, kinakataza kufufua jambo lililokwisha kuamuliwa, hata na anayedai kupitia kwa aliyeshindwa. Jina la mtoto halisaidii kitu. Agizo la 2 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, kanuni ya 15, nalo linakupa nafasi ya kuomba madai ya usumbufu yafutwe. Omba mapema, usingoje siku ya kusikilizwa.

Kuhusu zuio, wengi wanaogopa karatasi iliyokwisha nguvu. Chini ya Agizo la 40, kanuni ya 6, kesi isipoamuliwa ndani ya miezi 12 tangu zuio litolewe, zuio linaanguka, isipokuwa mahakama iwe imeamuru vinginevyo. Lakini usikoroge saruji kabla wakili hajalikagua faili pale masijala.

Ipo pia sheria ya kesi za usumbufu, Sura ya 41: Mwanasheria Mkuu akiomba, Mahakama Kuu inaweza kumtangaza mtu kuwa msumbufu sugu, asifungue kesi tena bila ruhusa. Mlango huo ni mwembamba, na mimi nataka ubaki hivyo. Pwani hii, sheria ya hatimiliki ya 1908 iliigeuza ardhi isiyodaiwa kuwa mali ya serikali ya kikoloni, na wajukuu wa waliokuwa wakiilima wanaitwa maskwota hadi leo. Skwota anayerudi mahakamani na ushahidi mpya si msumbufu, hata akishindwa tena.

Anayerudi mikono mitupu ndiye wa kudaiwa gharama. Mara nyingi ataondoa kesi mwenyewe akiona mambo magumu, kisha aombe kila mtu abebe gharama zake ili yaishe. Usikubali. Kifungu cha 27 cha Sura ya 21, kinachohusu gharama, kiko upande wako.