Mwenye kifafa hamezi ulimi, usimtie kijiko mdomoni

Ujumbe huu unazunguka kwenye magrupu miaka nenda, miaka rudi: mtu akianguka kifafa, mtie kijiko katikati ya meno haraka, la sivyo atameza ulimi. Si kweli. Simama mbele ya kioo, inua ulimi. Utauona utando mwembamba unaoushikilia chini. Shina la ulimi nalo limeshikwa na misuli. Haumezeki.

Kinachowachanganya watu ni damu na ule mkoromo. Damu hutokana na kujing'ata ulimi, na mara nyingi hutokea mwanzoni, kabla hata hujakipata hicho kijiko. Mkoromo huja ulimi ukilegea na kurudi nyuma. Mtikisiko ukitulia, mlaze ubavu, mate yatoke. Kijiko huvunja meno, na kipande cha jino kikiingia njia ya hewa ni balaa jingine. Vidole ndiyo kabisa usijaribu.

Sogeza vitu vigumu, weka nguo laini chini ya kichwa, usimkandamize, tazama saa. Mtikisiko ukipita dakika 5, au ukirudia kabla hajazinduka, awahishwe hospitali.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mweleze aliyeutuma kwa upole. Naye alitaka kusaidia tu.