Chupa Imeota Ukungu: Maswali na Majibu Kuhusu Kukuza Seli Bila Vijidudu

Wanafunzi wanaoingia chumba cha kukuzia seli kwa mara ya kwanza huuliza maswali yaleyale kila mwaka. Ndugu zangu nyumbani nao wana yao. Nimeyachanganya hapa.

Kukuza seli ndiyo nini, na mimi nisiyefanya kazi maabara kunanihusu nini?

Tunachukua seli za mtu au mnyama, tunaziweka katika chupa ya plastiki yenye maji ya lishe tunayoyaita midia, kisha chupa inakaa ndani ya inkubeta yenye joto la nyuzi 37 na kabonidayoksaidi asilimia 5. Humo seli huishi na kugawanyika nje ya mwili.

Kunakuhusu kwa sababu ulichanjwa. Mwaka 1949, huko Boston, John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins walifaulu kuotesha virusi vya polio katika seli zilizokuzwa kwenye chupa. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1954 na ikafungua njia ya chanjo. Virusi vya chanjo ya polio bado hukuzwa katika seli, mara nyingi za ukoo uitwao Vero, ulioanzishwa Japani mwaka 1962 kutoka kwenye figo ya tumbili wa kijani wa Afrika, jamaa wa hao wanaotumalizia mahindi shambani. Chanjo ya surua hukuzwa katika seli za kiinitete cha kuku.

Kwa hiyo kinachoingia kwenye seli kinaweza kufika kwenye sindano. Kimewahi kufika: baadhi ya chanjo za polio zilizotolewa Marekani kati ya 1955 na 1963 zilikuwa na kirusi cha nyani kiitwacho SV40, kilichotoka kwenye figo zilizotumiwa kukuzia. Kiligunduliwa mwaka 1960. Tafiti za kuwafuatilia waliochanjwa hazikuonyesha kwamba waliugua saratani zaidi kuliko wengine, lakini mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilitaka kila toleo jipya la chanjo lithibitishwe halina kirusi hicho.

Nimeipiga meza sabuni mpaka inang'aa. Bado haitoshi?

Haitoshi. Waliokulia karibu na madrasa watanielewa upesi. Kanzu inaweza kuwa nyeupe pe, imepigwa pasi, na bado haifai kuswalia kwa sababu tone la mkojo limeidondokea. Safi na twahara ni mambo mawili. Maabara nako ni vivyo hivyo: meza inayong'aa ni safi, lakini kilichotakaswa ni kile ambacho hakina kiumbe hai hata kimoja juu yake. Na hali hiyo hupotea kwa kugusa. Ncha ya pipeti, mrija wa kunyonyea midia, ikigusa ukingo wa nje wa chupa, si ncha iliyotakaswa tena, hata kama huoni alama yoyote. Usijadiliane nayo. Itupe, chukua nyingine.

Nina mazoea ya kukaa nyuma ya mwanafunzi na kumuuliza ghafla, "Mkono wako wa kushoto umegusa nini mara ya mwisho?" Asipojua, tunaanza upya.

Mbona mwili wangu umejaa bakteria na sifi, lakini seli za chupani zinakufa?

Mwili wako una ngozi, ute na askari wa kinga. Chupa haina kitu, ina chakula kizuri na joto tu. Halafu mashindano yenyewe si ya haki: seli nyingi za binadamu hugawanyika mara moja kwa siku hivi, ilhali bakteria kama E. coli akipata raha hugawanyika kila baada ya dakika 20. Mmoja aliyeingia saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri ana wenzake zaidi ya milioni 2.

Kwa nini spiriti ya asilimia 70? Ya 95 si kali zaidi?

Ni kali zaidi kwa pua. Spiriti huua kwa kuharibu protini za kijidudu, na kazi hiyo inahitaji maji. Isiyo na maji ya kutosha hugandisha protini za juu haraka, kisha inakauka kabla haijapenya ndani. Ya 70 hukaa kidogo na kupenya. Nyunyiza glavu, chupa na kila kinachoingia kwenye kabati la kufanyia kazi, lile linalopuliza hewa iliyochujwa, kisha subiri ikauke yenyewe. Ila haiui mbegu za bakteria wala haiui mbegu zote za kuvu, kwa hiyo usiifanye dawa ya kila kitu.

Kabati linalopuliza hewa linanilinda mimi au linalinda seli?

Inategemea ni kabati gani, na kosa hapa ni la hatari. Liko lile linalopuliza hewa iliyochujwa kutoka nyuma kuja usoni mwako. Hilo linalinda kazi tu. Ukifungulia humo seli za binadamu au damu, chochote kilichomo unakivuta wewe. Kwa seli za binadamu tunatumia kabati la usalama wa kibaiolojia la daraja la pili: hewa ya chumbani inafyonzwa kwenye matundu ya mbele kabla haijafika kwenye kazi, na hewa iliyochujwa inashuka kutoka juu. Kichujio chake hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikromita 0.3.

Pazia hilo la hewa huvunjika kirahisi sana. Liwashe dakika kama kumi kabla ya kuanza. Usiweke daftari juu ya matundu ya mbele. Nimeona watu wanalaza hata simu hapo. Mikono iingie na kutoka polepole, moja kwa moja, si kama unafukuza nzi. Usipitishe mkono juu ya chupa iliyo wazi, na kifuniko ukikiweka chini kiinamishe mdomo chini au kilaze ubavu. Wenzako wasipite nyuma yako wakikimbia.

Na ule moto wa gesi tuliofundishwa zamani kuunguzia midomo ya chupa? Ndani ya kabati hili utoke. Joto lake linapanda juu, linavuruga hewa inayoshuka, na linaweza kuharibu kichujio. Taa ya urujuanimno nayo isikudanganye: haifiki kwenye kivuli cha chupa, na ikikuta vumbi inashindwa. Macho na ngozi yako, hayo inayaunguza vizuri.

Midia yenyewe inatakaswaje? Naichemsha?

Ukichemsha yenye seramu ya ndama, protini zitaganda kama ute wa yai. Vyombo na maji huenda kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, mzigo mkubwa muda zaidi. Midia na seramu huchujwa kwa kichujio chenye matundu ya maikromita 0.22. Utepe unaobadilika rangi kwenye otoklevu unakuambia joto limefika pale ulipobandikwa, basi.

Si nitie antibayotiki tu, yaishe?

Hili ndilo swali ninalolichukia kwa mapenzi. Penisilini na streptomaisini zinapotiwa kila siku, makosa ya mkono hayaonekani. Bakteria wengi wanakufa, wachache sugu wanabaki chini chini, na mwanafunzi anadhani amehitimu. Mimi wanafunzi wangu hujifunza bila antibayotiki kwa wiki za mwanzo. Wanalia, wanatupa chupa, halafu mikono inatulia.

Tena yuko asiyejali penisilini hata kidogo: mikoplasma. Penisilini hushambulia ukuta wa bakteria, na mikoplasma hana ukuta. Ni mdogo na hupindika, kwa hiyo anaweza kupenya hata kichujio cha 0.22. Midia haichafuki, hadubini ya kawaida haimwonyeshi. Seli zinaendelea kuishi naye huku zikikua taratibu na kujibu dawa isivyo, na wewe unaandika matokeo. Baadhi ya aina zake hukaa kinywani mwa binadamu, ndiyo maana sitaki nyimbo wala hadithi mbele ya chupa iliyo wazi. Dawa yake ni kupima mara kwa mara kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vyake, na kila seli ngeni ikae karantini mpaka majibu yatoke.

Kwa wanaokuza vimelea vya malaria kwa njia ya William Trager na James Jensen ya mwaka 1976 kuna mtego wa ziada. Doksisaiklini huua bakteria, lakini huua na vimelea wenyewe. Huko hutumika jentamaisini.

Midia imegeuka njano usiku mmoja. Nimekosea?

Njano na imetibuka kama maji ya mchele: bakteria. Njano iliyokuja taratibu, midia angavu: seli zimejaa, zinataka nafasi. Ikigeuka zambarau, tazama mtungi wa kabonidayoksaidi kwanza, huenda umeisha. Vipamba vinavyoelea ni kuvu.

Seli zinaweza kuchafuliwa na seli nyingine?

Zinaweza, na hilo liliaibisha dunia nzima. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, madaktari walichukua seli za uvimbe wa mama Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, bila kumwomba ridhaa. Alifariki Oktoba mwaka huohuo, lakini seli zake, zilizopewa jina la HeLa, hazikuacha kugawanyika. Mwaka 1966 mwanajenetiki Stanley Gartler alionyesha kwamba seli nyingi zilizodhaniwa za watu mbalimbali zilikuwa HeLa. Alizitambua kwa aina ya kimeng'enya cha G6PD inayopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, kimeng'enya kilekile kinachopimwa kabla ya mgonjwa wa malaria kupewa primakwini. Pipeti moja ikiingia chupa mbili, inatosha. Fungua aina moja ya seli kwa wakati mmoja, na kila aina iwe na chupa yake ya midia.

Sisi tuko pwani, unyevu mwingi, umeme unakatika. Tufanyeje?

Maboksi ya karatasi ngumu yabaki nje; yakilowa unyevu yanaotesha kuvu. Maji ya trei ndani ya inkubeta yawe yaliyochemshwa na kutoneshwa, yabadilishwe kila wiki. Umeme ukikatika, kabati limezimika: funika chupa zote papo hapo, hata kama ulibakiza pipeti moja tu. Inkubeta usiifungue kuchungulia.

Chupa ishachafuka. Naweza kuiokoa?

Kama kuna nyingine kwenye friza, usijaribu. Usiifungue kuichunguza wala usiipeleke sinki mbio. Mimina humo jiki mpaka iwe sehemu moja kwa tisa, iache nusu saa, kisha imwage. Usiipeleke otoklevu ikiwa na jiki ndani, itatoa gesi yenye sumu. Futa inkubeta, kagua chupa zilizokuwa jirani yake, na midia uliyoitumia siku ile itupe pia, hata kama ilikuwa imebaki nusu lita.