Kumhakiki mtu mnayesalimiana naye kila siku

Mapitio mengi ya vitabu ninayoletewa yanafika mwisho na msomaji hajajua kama kitabu chenyewe kinafaa kununuliwa. Aliyeyaandika amekisoma kitabu, hilo halina shaka. Amekihadithia kisa tangu mwanzo hadi mwisho, amewataja wahusika wote mpaka mpita njia, kisha akatia aya moja ya pongezi na kumuombea mwandishi afya njema aendelee kutuandikia. Amin. Lakini kitabu kikoje?

Nahariri kurasa za vitabu za jarida la fasihi hapa Unguja, na sababu yake naijua. Zanzibar ni ndogo. Mtunzi wa riwaya unayoipitia ndiye aliyekusomesha skuli, au mwanawe ameoa kwenu, au mnakaa baraza moja baada ya Alasiri. Unaona muhali. Mhakiki wa Nairobi anaweza kuandika anachokitaka na mwaka ukapita hajaonana na mtunzi. Wewe kesho asubuhi unakutana naye Darajani anatafuta mboga, na huna pa kujificha.

Wapo vijana wanaodhani dawa ya muhali ni ukali. Wanaandika kwa kejeli, watu wanacheka, wanasambaziana kwenye makundi ya WhatsApp, na kitabu kinabaki hakijahakikiwa vilevile. Kejeli ni uvivu uliovaa ujasiri.

Dawa ninayoijua mimi ni nukuu na namba ya ukurasa. Ukiandika kwamba mazungumzo ya wahusika yamepwaya, mtunzi atakasirika na atakuwa na haki, maana umetoa hukumu bila ya shahidi. Lakini chukua mistari mitatu ambapo mvuvi wa Nungwi anamwambia mkewe, usiku, kitandani, kwamba "kwa kuzingatia hali ya hewa iliyopo" hatokwenda baharini. Inukuu, taja ukurasa, kisha uliza ni mvuvi gani anayezungumza na mkewe kama anayesoma taarifa ya habari. Huna haja ya kuongeza kitu. Msomaji ameona kwa macho yake, na mtunzi naye, akishapoa, ataona. Sifa nazo zitendee vivyo hivyo. "Lugha yake ni tamu" ni maneno yasiyomgharimu mtu kitu. Tuonje huo utamu, japo sentensi moja, halafu tueleze imefanya nini: imetuharakisha, imetuchelewesha, au imetuficha jambo ambalo tutalijua sura tatu mbele.

Kuna jengine tumelichukua skuli. Kila aliyesoma Kiswahili cha sekondari anaujua mpangilio: fani na maudhui, dhamira kuu na dhamira ndogondogo, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, mwisho "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi". Mpangilio huo una kazi yake, unamfundisha mwanafunzi asisahau kitu kwenye mtihani. Tabu ni kwamba unakihudumia kila kitabu kwa sahani ileile. Nikiona muswada unaanza na "Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kuonesha", naurudisha hapohapo, na ombi moja tu: niandikie kitu ambacho kimo ndani ya kitabu hiki na hakimo ndani ya chengine chochote. Wengine wananuna. Wengine wanarudi na mapitio mazuri kweli, kwa sababu kumbe walikuwa na la kusema, walikosa tu ruhusa.

Sasa tuje kwenye insha, maana hapa ndipo penye uhondo na ndipo watu wengi wanapopotea. Insha binafsi kuhusu kitabu si mapitio yaliyotiwa neno "mimi". Mapitio yanamsaidia mtu kuamua. Insha inamuonesha kitabu kilivyokaa ndani ya maisha ya msomaji mmoja. Kwa hiyo maisha hayo lazima yafanye kazi. Yakikaa pembeni kama mgeni wa heshima, yatolewe.

Chukueni mfano wa Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979, riwaya ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948. Mchangiaji wetu mmoja, dada wa hapa mjini, aliniletea insha iliyoanza hivi: "Riwaya hii ilinigusa sana kwa sababu babu yangu alikuwa kuli bandarini." Sentensi ya kweli, lakini haijatupa kitu. Kuguswa ni jambo lake na babu yake. Sisi wasomaji tumebaki nje ya mlango. Nikamuuliza: babu alikuwa akisema nini kuhusu kazi ile? Akajibu kwamba hasemi sana, ila hakuwahi kumbeba mjukuu yeyote kwa bega la kushoto. Lilikuwa limeshuka, na ukiligusa anajikunja. Nikamuuliza tena: na mgomo? Akasema babu hakuwahi kuuhadithia mgomo kama ushindi. Alichokuwa akikikumbuka ni deni la dukani: unga, sukari na mafuta ya taa waliyokopa wakati kazi imesimama, na namna mwenye duka alivyoanza kuwachelewesha watoto waliotumwa.

Insha ndiyo hiyo! Alipoiandika upya alianza na bega, bila ya kueleza kwamba limemgusa. Kisha akaingia kwenye kurasa za kupakia na kupakua meli akizisoma kwa mwili wa babu yake, na alipofika kwenye mgomo akasimamisha deni la dukani mbele ya safari ya Rashidi, mhusika mkuu, anayezidi kuamka kila sura. Hakusema riwaya imekosea. Aliuliza riwaya inayomfuata mtu anayeamka inalazimika kuwaacha nyuma akina nani, na akajibu: wale waliokuwa wakihesabu vibaba jikoni. Swali hilo profesa angeweza kuliuliza kwa nadharia, lakini asingekuwa na bega wala duka. Na sentensi ya kuguswa? Ilitoka yenyewe, wala hakuna aliyeikumbuka.

Kipimo changu ni hiki basi: nikikifuta kisa chako binafsi, je, hoja kuhusu kitabu inaanguka? Ikianguka, kisa kinakaa. Ikibaki imesimama, ulikuwa unajihadithia, na hiyo ni insha nyengine ya siku nyengine.

Tangu Abdulrazak Gurnah apewe Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, napokea insha nyingi kumhusu, na nyingi zinamdai Zanzibar. Mzaliwa wa hapa, amekuwa maarufu ulimwenguni, kwa hiyo mtu anakifungua Paradise, kilichotoka 1994, au Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa 2022, akitafuta vichochoro vya Mji Mkongwe. Anamkuta Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa sababu ya deni la baba yake, katika nyumba ya mfanyabiashara wa pwani ya bara, na misafara inayokwenda ndani kabisa ya nchi. Basi anaandika kwamba amevunjika moyo. Kuvunjika moyo kunaruhusiwa, ni mali ya msomaji. Lakini mhakiki anatakiwa ajiulize alikwenda na hamu gani kabla ya kukilaumu kitabu kwa kutompikia alichokuja nacho kichwani. Insha nzuri ingeweza kuanzia hapo hasa: kwa nini nilimtaka atuandike sisi, na nilitaka atuandike vipi? Hiyo bado naisubiri.

Ukipitia tafsiri, sema umesoma ipi, asili au tafsiri au zote mbili, na umtaje mfasiri kwenye aya za mwanzo. Basi.

Diwani zina shida yake. Waandishi wetu wengi wakipewa diwani wanahesabu mizani na kukagua vina, wakiona vimetimia wanasema shairi limetimia. Hilo ni sawa na kumsifu nahodha kwa sababu jahazi lina matanga. Lisome kwa sauti kwanza, mbele ya mtu ikiwezekana, maana mashairi yetu mengi yalisikiwa kabla ya kusomwa. Halafu kuwa mpole na fumbo. "Kimbunga" la marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, lililoipa jina diwani yake ya 1994, limekuwa likifumbuliwa kwa njia kadhaa, na mhakiki anayekuja na ufunguo mmoja kisha akaufunga mlango nyuma yake hajatusaidia. Tuonesheni ni mshororo upi unaoiruhusu tafsiri yenu, na ni upi unaoikataa.

Ya utaratibu ni machache. Kisome kitabu mara ya kwanza bila ya kalamu, mara ya pili na penseli. Kisa kihadithie mpaka kwenye theluthi ya kitabu, usivuke. Taja mchapishaji, mwaka, kurasa, bei, na kinapatikana wapi; kwa msomaji wa Wete au Mkoani hilo la mwisho si dogo, maana vitabu vingi vinakuja kwa boti kutoka Dar es Salaam na Pemba vinafika vimechelewa, vikifika. Kama nakala umepewa bure, sema. Kama mtunzi ni jamaa yako wa karibu, au mmegombana, niambie mapema nimpe mwengine. Hapo hapana aibu, na mimi mwenyewe huwa nawapisha wenzangu.

Mtunzi akikupigia simu baada ya mapitio kutoka, na atakupigia, mwache aseme mpaka achoke. Usiombe radhi kwa maoni yako na usiahidi kuandika mengine ya kumfurahisha. Mwelekeze kwangu. Kosa la tarehe, la jina la mhusika au la ukurasa tunalisahihisha toleo linalofuata, na tunasema wazi kwamba lilikuwa letu. Akitaka kuyajibu maoni, tunampa safu moja, na katika jibu lake hatugusi kitu ila tahajia.