"Daktari, mimi nina mazoezi"

Likizo ikikaribia, huja vijana hapa kliniki kwangu Mombasa na mpango ule ule: treni usiku mpaka Nairobi, matatu mpaka Naro Moru, mji ulio chini ya mlima, halafu Mlima Kenya peke yao, kupanda na kushuka siku moja. Nikiwauliza mwili utauzoea lini mwinuko, jibu ni moja: "Daktari, mimi nina mazoezi." Wiki iliyopita nimelisikia mara tatu.

Dhana: Mwenye mazoezi hapatwi na ugonjwa wa mwinuko, yaani maradhi ya kupanda juu haraka kabla mwili haujazoea uhaba wa oksijeni.

Si kweli, na hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Mazoezi hujenga moyo na misuli, hayaongezi hewa mlimani. Oksijeni ni asilimia 21 ufukweni Nyali, na ni asilimia 21 vilevile Point Lenana, kilele cha Mlima Kenya wanachokifikia watembeaji, mita 4,985. Kinachopungua ni shinikizo la kuisukuma iingie mapafuni, na kule juu limebaki zaidi kidogo ya nusu ya lile la pwani. Tia mkobani pakiti ya kachiri iliyofungwa kiwandani. Ukifika Met Station, kambi ya njiani, mita 3,050, utaikuta imefura kama puto, kwa kuwa hewa ya ndani bado ni ya Mombasa. Na mwili wako nao bado ni wa Mombasa. Mapafu, figo na damu vinahitaji siku kadhaa kujirekebisha, na hakuna mbio zinazoziharakisha siku hizo.

Tena mkimbiaji ndiye ninayemhofia zaidi, maana miguu yake humfikisha juu mapema mno. Nilimtibu kijana mmoja ambaye kila alfajiri huvuka daraja la Nyali mbio. Aliingia mlimani na kikundi, akakiacha nyuma. Alipokaribia Kambi ya Mackinder, kwenye mita 4,200 hivi, aliinama kufunga kamba ya kiatu. Aliniambia alizishika ncha mbili, akazitazama, asijue azifanye nini. Hakuogopa, alidhani ni uchovu. Wapagazi waliokuwa wakiteremka ndio waliomshika mkono wakashuka naye.

Mwanangu, kinachougua ni ubongo, na ni ubongo huo huo unaoutegemea ukwambie kwamba unaumwa. Ukiwa peke yako, nani atakuona ukipepesuka?

Ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulikolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Wanaonijia kwa ajili ya Lenana nawaambia watenge siku tano, na hapo sibembelezeki.

Dhana: Kichwa kikiuma, meza Panadol uendelee.

Panadol hutuliza kichwa, haiondoi ugonjwa. Kichwa kinauma na chakula hukitaki? Baki hapo ulipo, usipande hata hatua. Ukishindwa kutembea mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole, au ukihema hali umekaa, teremka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na mtu akusindikize.

Dhana: Diamox, vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, inatosha.

Husaidia mwili kuzoea: miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Haichukui nafasi ya zile siku. Usiazime ya mwenzako, na kama una mzio wa dawa za salfa, nieleze kabla sijaandika.

Miraa na muguka, ambazo wengine husema hufungua pumzi, huendesha moyo mbio, hukata hamu ya kula, hufukuza usingizi na kukuficha uchovu wako mwenyewe. Viache nyumbani.

Na wanaofikiri Kilimanjaro unaweza kujiendea tu kwa kuwa njia imechorwa: kule mwelekezi mwenye leseni ni lazima.

Unataka kweli siku moja, wewe na mkoba wako? Basi nenda mlima Vuria, Taita. Teremka treni Voi, panda matatu ya Wundanyi. Kilele ni mita 2,208, na chini ya mita 2,500 ugonjwa huu ni nadra. Beba sweta, tochi na maji, na umwambie mwenyeji wako saa utakayorudi. Ukungu wa kule hushuka ghafla, kwa hiyo ikifika saa nane mchana anza kuteremka, hata kama kilele hujakifikia.